Mkono Ndani ya Tundu

Siku za bamvua, maji yalipokupwa sana na mwamba wa kisiwa cha Chovae ukabaki wazi, Rawda alifuatana na mama yake mdogo, Bimkubwa, kuwinda pweza. Kazi hiyo ni ya wanawake na ina kanuni yake: fimbo kwanza. Unaichomeka tunduni, unasubiri. Ikivutwa taratibu, ni pweza. Ikigongwa kwa kishindo, ni mkunga, samaki mwenye mwili wa nyoka na meno makali. Mwachie nyumba yake.

Rawda aliijua kanuni hiyo vizuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na vidole vyake vilisifiwa kisiwa kizima kwa kudarizi kofia. Lakini asubuhi hiyo Layla na wasichana wengine walisimama nyuma yake wakimtazama.

"Wabembeleza tundu kama mtoto!" Layla alicheka. "Sisi tushajaza ndoo. Tia mkono, ama waogopa?"

Wote wakaangua kicheko. Masikio ya Rawda yakamwaka kwa aibu. Akaitupa fimbo, akapiga goti, akaingiza mkono wa kulia mpaka kiwikoni.

Mkunga akamng'ata. Kwa maumivu Rawda akauvuta mkono kwa nguvu, na meno yale yaliyopinda kwa ndani yakazidi kumchana. Bimkubwa alikuja mbio akamfunga kwa mtandio wake. Lakini mashua ya kumpeleka hospitali ilikuwa imelala mchangani, na ilibidi wasubiri maji yajae. Jeraha likaoza. Hospitalini, mjini Kismayo, madaktari walimkata vidole viwili ili kuuokoa mkono.

"Mimi si mjinga, dada," Rawda alimwambia muuguzi Hodan huku akilia. "Kanuni naijua. Kwa nini nilitia mkono?"

Hodan hakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. "Nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayotusaidia kupima hatari. Katika umri wako bado inakomaa. Ile inayotamani sifa na msisimko huwaka upesi, hasa wenzako wakikutazama. Akili ulikuwa nayo, ila hukuipa nafasi."

"Basi nisirudi mwambani?"

"Rudi. Bila kuthubutu ubongo haujifunzi. Ila vuta pumzi kwanza, ujiulize: nitapata nini, na nitapoteza nini?"

Mkono ukapona, lakini sindano ilimponyoka kila alipoishika. Rawda alikuwa akitazama vidole vya wenzake kwa wivu mkali, na hakuona haya kukiri.

Siku moja, wakiwa tena mwambani, maji yakiwa yameanza kujaa, Layla alitaka wavuke mkondo kwenda kwenye matundu ya ng'ambo. "Fanyeni haraka, twawahi!"

Rawda aliutazama mkondo. Akavuta pumzi. "Tutavuka vipi kurudi? Mimi siendi leo. Kesho, maji yakianza tu kupwa, nitakuwa wa kwanza."

Wasichana wakamcheka. Bimkubwa aliyasikia yote. Akaja, akaushika mkono wa Rawda na kuuinua mbele yao.

"Kila mtu autazame," alisema kwa uchungu. "Kuthubutu si kosa, sote hapa twala kwa kuthubutu. Kosa ni kuthubutu kabla ya kufikiri. Mwenzenu somo hili amelilipia vidole viwili. Nyinyi mwapewa bure, na bado mwacheka?"

Hakuna aliyevuka.