Ripoti ya Mti Namba Ishirini na Saba

Kazini walimwita Bwana Futi, kwa sababu futi yake ya kupimia haikubanduka kiunoni hata akienda harusini. Kazi yake ilikuwa kukagua miti kabla viwanja havijajengwa. Anapima unene wa shina usawa wa kifua, analigonga kwa nyundo ya mbao asikie kama ndani mna uwazi, anapigilia kibati chenye namba, kisha anaandika ripoti: huu ubaki, huu uondolewe. Unaobaki huchorewa duara la kulinda mizizi, na ndani ya duara hilo hata toroli la zege halipiti.

Jumatatu hiyo alimaliza miti ishirini na sita bila shida. Wa ishirini na saba ulikuwa mkubwa, majani teletele, umesimama mpakani kando ya kibanda cha mama mmoja fundi cherehani. Aliugonga. Ulikuwa mzima kabisa. Alipouchorea duara lake kwenye ramani, duara likameza ngazi zote za jengo na nusu ya ukumbi.

Mkandarasi aliitazama ramani akacheka. "Mzee, mduara wako unakula ngazi zangu. Watu wapande ghorofani kwa kamba?"

"Ndivyo vipimo vinavyosema."

"Vipimo si unaandika wewe? Nina viwanja vinne vinakuja, na sipendi kuhangaika kutafuta mkaguzi mwingine."

Bwana Futi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu kidogo na mwoga sana, basi. Alirudi ofisini, akafungua ripoti ya zamani ya mti mwingine uliokuwa mbovu kweli, akanakili kasoro zake zote na kuzibandika chini ya namba ishirini na saba. Hakubadilisha hata nukta. Kisha akaenda kunywa chai.

Siku ya kukata, fundi cherehani alikuwa amesimama kwenye shina. Gome lilikuwa na mistari saba iliyochanjwa kwa kisu, mmoja juu ya mwingine. Hapo ndipo alipokuwa akimpima kimo mwanawe kila mwaka. Mstari wa nane hakuwahi kuuchora, maana mtoto alifariki kabla.

"Ripoti umeandika wewe, baba?"

"Mimi, mama."

"Uliugonga, ukalia mtupu?"

Bwana Futi alitazama viatu vyake. "Ulilia mtupu."

"Basi weka mkono hapa, unisomee yote. Nataka na mti wenyewe usikie."

Vijana wa msumeno walikonyezana. Ili yaishe, Bwana Futi aliweka kiganja juu ya ile mistari akasoma harakaharaka: "Umeegemea kushoto. Tawi kubwa la kulia limekauka. Gome linabanduka chini, uyoga umeota. Ndani mtupu. Pendekezo: uondolewe kabla haujaangukia watu."

"Tumesikia," mama akasema, akarudi kwenye cherehani yake.

Mti ulianguka kabla ya saa sita. Kisiki kilikuwa cheupe, kimelowa utomvu, bila doa hata moja. Mwenye msumeno alikitazama muda mrefu. "Bosi," akanong'ona, "huu ulikuwa mzima kuliko mimi." Bwana Futi alijifanya hakusikia.

Wiki mbili zikapita. Mezani mkewe akamuuliza, "Mbona unakaa upande?" Alijiweka sawa. Baada ya dakika tano alikuwa ameinama tena, kuelekea kushoto. Ofisini wakamtania wamwekee pima maji ya waashi begani. Alicheka pamoja nao. Lakini alipojitazama kwenye kioo cha chooni, amesimama wima kwa nguvu zake zote, alikuwa bado ameegemea.

Kisha mkono wa kulia. Ulianza kwa baridi kwenye vidole, ukapanda hadi begani. Ngozi ikawa ngumu, kavu, na vidole havikunjiki tena. Daktari alipima damu, akapima mifupa, hakuona kitu.

Siku moja alipovua soksi, ngozi ya kifundo ilitoka nayo. Chini yake palikuwa na vitu vidogo vyeupe, vimejipanga, kila kimoja na kofia yake. Mkewe alivikwangua kwa kisu huku analia. Asubuhi vilikuwa vimerudi.

Hapo ndipo alipoifungua ripoti. Alisoma mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu. Akaifunga asisome zaidi, ingawa aliyajua yaliyobaki, maana ni yeye aliyeyabandika.

Alimkuta fundi cherehani akipinda sketi ya shule. Mama hakuinua macho.

"Mama, nisamehe. Niliandika uongo. Nimeandika upya, hii hapa. Nimesema ulikuwa mzima."

"Vizuri. Weka mkono kwenye mti, usome."

Bwana Futi aligeuka. Pale palipokuwa na kisiki palikuwa na zege, na juu yake ngazi za mkandarasi.

"Mti haupo, mama."

"Haupo," mama akakubali, akaendelea kushona.

Alisimama pale, mkono wake mkavu ukining'inia. "Nina mtoto," akasema. "Wa kike. Hupenda kukaa kushoto kwangu."

Cherehani ikanyamaza. "Ana miaka mingapi?"

"Saba."

Mama alikata uzi kwa meno. Uso wake haukulainika. "Basi kaa mbali naye," akanong'ona.

Siku hiyohiyo daktari alimgonga kifuani kwa vidole viwili. Akasikiliza. Akagonga tena. Akamwita mwenzake, naye akagonga, wakatazamana. Bwana Futi hakuuliza. Sauti ile aliifahamu tangu aanze kazi.

Hakurudi nyumbani. Alijifungia kwenye stoo ya ofisi, peke yake, kati ya vibati na misumari. Mkewe alibisha, akasihi, akatukana. Siku ya tatu, saa tano asubuhi, alikuja na mtoto.

"Baba, fungua."

"Mama watoto, mrudishe nyuma."

"Mume wangu, una nini?"

"Mrudishe nyuma! Mbali na mlango. Zaidi. Umefika ukutani?"

"Tumefika."

Kisha mlango ukapasuka, na Bwana Futi akaanguka nao kwa ubavu wa kushoto, kwa kishindo kilichotikisa vioo vya jengo zima. Kichwa chake kilitua hatua moja kutoka kwenye viatu vya binti yake.

Wanaume wanne walioitwa kumbeba walijiandaa kwa uzito wake. Hakuwa na uzito. Mmoja alimbeba peke yake, kama mtu aliyebeba kikapu.

Walipomwosha ndipo walipokiona. Mgongoni, usawa wa kifua, palikuwa na kibati kidogo chenye msumari mmoja katikati. Ishirini na saba. Walijaribu kukitoa wakashindwa. Ngozi ilikuwa imeota ikafunika kingo zake pande zote, kama gome linavyomeza kibati kilichopigiliwa miaka mingi iliyopita.