Mafuta Hayajahama

Asubuhi lifti ilijaa hadi mlango ukagoma kufunga. Mjiolojia, dada mwenye gauni la njano na mkebe wa mawe mkononi, akamkanyaga mguu mhandisi wa uchimbaji ambaye wenzake walimwita Twiga kwa ule urefu wake.

"Samahani, kaka."

"Usijali. Ninao mwingine."

Dada akacheka. Twiga akashuka ghorofa isiyo yake.

Tangu siku hiyo simu zikawa moto. Shida ilianza kampuni ilipoamuru idara zote ziweke data zao mahali pamoja. Twiga akafungua, akakuta kisima cha mafuta alichokichimba mwenyewe kimepunguzwa kina kwa mita arobaini. Mkono wa nani? Wa mpenzi wake. Maskini, kakosea, akawaza. Akasahihisha kimyakimya, dada asije akaaibika. Mapenzi hayo.

Kesho yake mjiolojia akaonyesha ramani kikaoni. Tabaka la mafuta lilikuwa limedidimia katikati kama godoro bovu.

"Mafuta yamehama?" bosi akauliza. Watu wakacheka.

Jioni simu ya Twiga ikaita.

"Ni wewe uliyegusa namba zangu?"

"Nilikuwa nakusaidia, mpenzi."

"Nani alikutuma? Umenivua nguo mbele za watu. Usinipigie tena."

Ikakatwa. Twiga akapiga, wapi. Akaandika ujumbe, ukasomwa tu.

Ikabidi aende kwa mtunza data, aulize alichopaswa kuuliza mwanzo.

"Nyinyi wachimbaji mnapima kuanzia sakafu ya mtambo," mama yule akamwambia. "Wajiolojia wanaanzia usawa wa bahari, mita arobaini chini yake. Wote mko sahihi, baba. Ila wewe una kiherehere."

Kikao kilichofuata, Twiga akasimama, shati limemlowa mgongoni.

"Mafuta hayajahama. Niliyahamisha mimi." Akaeleza yote, kisha akaomba kila namba iandikwe imepimwa kuanzia wapi, na asiwepo wa kuigusa bila kumuuliza mwenyewe.

Bosi akakubali. Mjiolojia aliinamia kalamu yake.

Kwenye lifti walikuwa wawili tu.

"Kuna kitu chako nataka kubadilisha," Twiga akasema. "Leo nauliza kwanza."

"Kipi?"

"Idara ya utumishi wameandika hujaolewa."

Dada akatazama namba za ghorofa zikishuka, moja baada ya nyingine.

"Hiyo data anaitunza mama yangu nyumbani," akasema. "Njoo Jumamosi ukamuulize. Na hapo usiguse kitu."