Wimbo wa Epifania

Stendi ya Kasulu ilifurika asubuhi ile. Ildefonsi, mpiga gitaa, aligeuka ghafla kutafuta basi la Kibondo, na begi la gitaa likaangusha furushi la vitenge la binti aliyevaa gauni la njano.

"Yoo! Kaka, hilo kabati lako halina macho?"

"Lingekuwa nayo, dada, lisingekugonga. Lingesimama likuangalie."

Binti akacheka. Aliitwa Immakulata, muuza vitenge wa Kibondo. Basini walikaa kiti kimoja, na mpaka wanashuka alishajua kwamba Ildefonsi alijifunzia gitaa kwaya ya Makere, anapenda jazi kufa, na riziki yake ni kupiga kwenye nyimbo za watu wengine studio, jina lake lisitajwe popote.

Walipendana miezi minane, simu asubuhi, simu mchana, majirani hoi. Kisha Immakulata akapiga bila salamu.

"Epifania ni nani?"

"Epifania yupi, mpenzi?"

"Huyo unayemwimbia 'mke wangu, nyumba iko tayari'. Kibondo nzima inao wimbo huo kwenye simu. Sauti yako naijua, Ilde. Usinipigie tena."

Simu ikakatwa. Wimbo ulikuwa wa Fidele, bwana harusi aliyetaka kumwimbia mchumba wake Epifania. Fidele hakujua aanzie wapi kuimba, hivyo Ildefonsi aliimba kwanza ili yeye amfuatishe. Moses, fundi wa studio, akakosea, akasambaza sauti ya Ildefonsi. Meseji za kueleza hayo hazikujibiwa, ikabidi aende Kibondo mwenyewe.

"Njoo studio usikie," alimsihi mlangoni mwa duka. "Usiporidhika, sikusumbui tena maisha."

Jumamosi, Kasulu, Moses akafungulia sauti ya Fidele. Loo! Alilia kama mbuzi aliyefungiwa ndani. Immakulata alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka kilemba kikamdondoka.

"Masikini Epifania! Na wewe Ilde, wako utauimba lini?"

"Nimeshautunga. Jina la mke ndilo sijaliweka. Naogopa kukataliwa."

Immakulata akasogelea maikrofoni. "Weka Immakulata. Nimekubali. Ila kwanza uende Rungwe Mpya ukaongee na baba."

"Nimerekodi," Moses alisema toka nyuma ya kioo, "lakini sauti imetetemeka. Turudie."

Miaka kumi na miwili Ildefonsi alikuwa akiambiwa arudie, naye akirudia bila kinyongo.

"Thubutu!" alisema, amemshika Immakulata mkono. "Iache hivyo hivyo."