Kitambaa Kilichofuliwa

Jumapili ile kitambaa cha sinema kilikuwa kimelowa katikati. Kiangazi kikali, vumbi hadi kwenye meno, paa la ukumbi wa kijiji halina tundu hata moja, lakini pale katikati palikuwa na doa kubwa kama sinia. Leodgar aliligusa. Kidole kikanata. Alipokivuta, ute ulirefuka kama wa bamia, na alipokinusa, loh, yai viza!

"Nani kapenga makamasi hapa?" aliuliza kwa hasira.

Watu walikuwa wametoka misani, wamebanana kwenye mabenchi, wanataka picha. Leodgar alifuta kidole ukutani, akafuta tena kwenye suruali, kisha akaenda kuwasha jenereta.

Sinema ile ilikuwa ya kujitolea. Miaka hiyo ya tisini, padri mmoja alihama akaiachia kijiji chetu, hapa jirani na Majimoto, mashine ya sinema na mikanda michache. Leodgar akawa fundi mitambo, na mkewe Esteria akawa anasimama kando ya kitambaa kutafsiri. Kizungu chenyewe hakukijua. Alikuwa anabuni tu, na uongo wake ulikuwa mtamu kuliko picha. Watu walikuja kwa ajili ya sauti ile, tusidanganyane, na Leodgar mwenyewe aliioa sauti ile kabla ya kumuoa mwenye nayo.

Sasa kitambaa. Cha zamani kililiwa na mchwa. Kipya, Leodgar alimwambia mkewe amekinunua Mpanda mjini, kule Shanwe. Uongo mtupu! Kwetu mtu mwenye vidonda huogeshwa kwenye chemchemi ya maji ya moto, anafutwa kwa kipande cha kitambaa cheupe cha marekani, na kipande hicho kinaachwa juu ya mawe na usaha wake wote. Hakiguswi. Wanasema kuna anayeula ule ugonjwa. Leodgar alikwenda akaokota vipande vile, akavichemsha kwa sabuni ya mche mpaka vikang'aa, akavishona pamoja. Na huyo ndiye bwana mwenye kinyaa, asiyenywa maji kwenye kikombe cha mwenzake! Alijiambia nguo ikishafuliwa imefuliwa.

Basi madirisha yakazibwa kwa magunia, picha ikaanza, Esteria akaanza. "Huyu bwana mwenye kofia anamwambia mama mkwe wake, mimi sitoki hapa mpaka nile..." Watu wakacheka. Chini ya kicheko kukawa na sauti nyingine, nzito, yenye maji, kama ng'ombe anayemlamba ndama wake.

Leodgar alizunguka nyuma ya kitambaa. Hapakuwa na mtu, ukuta tu. Lakini kitambaa chenyewe kilikuwa kinasukumwa kutoka upande aliosimama yeye kwenda mbele, bonde pana likishuka na kupanda, likishuka na kupanda, na kila lilipopita liliacha njia ya ute unaong'aa kwa mwanga wa mashine, na bonde lile likawa linatafuta, linanusa pembe hii na pembe ile kama lisiloona kitu cha kula, hadi likafika ukingoni, mahali Esteria aliposimama na mdomo wazi, katikati ya neno.

Esteria alinyamaza. Kisha akakohoa, na kilichotoka mdomoni mwake kilikuwa kirefu, cha kijani, hakikukatika.

"Yesu na Maria!" Mtu mmoja alitapika palepale, na mabenchi yakaanguka.

Tangu hapo Esteria hakusema. Kila alipojaribu, mdomo ulijaa ute mpaka ukamwagika kifuani. Asubuhi midomo yake ilikutwa imelowa, imelambwa mpaka ngozi imechubuka, fizi nyeupe kama za maiti. Leodgar alishika beseni, akageuza uso, akatapika, akarudi kulishika. Alilia pia. Aliitaka ile sauti ya mkewe.

Jirani yao Mwandu, mfugaji wa Kisukuma, ndiye aliyemleta mganga Nyanzala. Mama yule alinusa kitambaa, akasonya.

"Umekitoa wapi, baba?"

Leodgar alitazama chini. "Kwenye chemchemi. Lakini nilikifua, mama."

"Ndiyo kosa lako hilo. Hii ni sahani yake. Umemwaga chakula chake, umeosha sahani, ukamning'inizia aitazame. Unafikiri atakula nini?"

"Nifanyeje? Nitafanya lolote."

"Kichafuliwe. Kila aliyekuwa mbele ya kitambaa hiki ampe uchafu wake, kwa moyo wake. Asibaki hata mmoja. Atakayebaki, atafuatwa."

Kijiji kizima kilikuja ukumbini mchana ule, kwa ajili ya Esteria. Mnaokula, wekeni sahani pembeni. Walipenga makamasi. Walikohoa kutoka chini kabisa ya kifua. Mwandu alikamua jipu la shingoni. Bibi mmoja alifungua kidonda cha mguu, akapangusa taratibu huku akimwombea Esteria kwa Bikira Maria. Inzi walikuja wengi, na kitambaa kikawa kizito.

Wa mwisho alikuwa Leodgar. Alishika pembe kwa vidole viwili. Harufu ikampanda. Alimtazama Nyanzala, akawapa watu mgongo, akapenga hewa tupu kwa kelele nyingi.

"Tayari," akasema.

Nyanzala alikibeba mwenyewe hadi kwenye mawe ya chemchemi. Hakuwa amerudi bado Esteria alipomeza mate, akavuta pumzi, na ile sauti yake tamu ikatoka.

"Jamani, nina njaa."

Watu walipiga vigelegele. Wanawake wakapika wali, wakachinja na kuku. Esteria aliwashukuru mmoja mmoja kwa majina yao. Wali hakuugusa.

Kesho yake Leodgar alirudi kutoka kupeta mpunga, vumbi limemjaa, pua inachuruzika. Mkewe alikuwa mlangoni, anatabasamu.

"Baba Antoni, mbona unatiririka hivyo? Njoo nikufute."

Alifurahi kuisikia ile sauti. Akasogea, na Esteria akamshika kidevu kwa mikono yote miwili, kwa upole. Leodgar aliitazama mikono ile. Haikuwa na kitambaa.