Mgonjwa Wangu wa Jumanne

Mlango wa ukumbi ulifunguka... na aliyeingia ni mgonjwa wangu.

Nilimtambua kabla hajageuza uso. Ni Mama Damaris wa Nyacheki, mama wa leso na ndara za plastiki, ambaye nilikuwa nimemlilia nikidhani nimempoteza kabisa.

Siku hiyo hakuwa na leso. Alivaa suti ya kijivu, miwani machoni, beji kifuani.

Akapita katikati ya viti, akanipita hata mimi, akafika mbele na kushika maikrofoni.

"Habari za asubuhi, wahudumu wa afya. Mimi ndiye mkufunzi wenu wa leo."

Kiswahili kimenyooka kama cha mtangazaji wa redio! Mtu ambaye kwangu alikuwa akiongea Kiswahili cha kuokoteza.



Jameni, wacha niwarudishe nyuma, najua mnajiuliza mgonjwa anageukaje mkufunzi.

Mimi naitwa Sheryl Anyiko. Ni nesi. Kwetu ni upande wa ziwa, lakini kazi niliipata Kisii mjini, kwenye hospitali ndogo ya kibinafsi ambayo sitaitaja.

Watu wa Kisii si wabaya. Naliweka hilo mapema, msije mkaanza kutukana watu kwenye komenti.

Shida ni kwamba Kiswahili hapa ni kama vile viti vizuri vya sebuleni. Kinatolewa mgeni akija, na mgeni akishazoeleka kinarudishwa ndani, watu wanaendelea na Ekegusii chao.

Mimi nilifika, nikapokelewa vizuri, nikazoeleka. Na hapo ndipo nikabaki peke yangu.

Saa ya chai ndiyo ilikuwa inaniua. Meza ni moja. Kuna Cynthia wa mapokezi, Bitutu wa maabara na Josiah wa famasia. Wanapiga stori, wanacheka mpaka wanagongana mabega.

"Kuna nini?" nauliza, na mimi nimeshaanza kucheka ili nisipitwe.

"Ah, ni stori tu, Sheryl," Cynthia anasema. "Nikikutafsiria itakosa utamu."

Basi nikawa nachukua kikombe changu naenda kunywea kwenye chumba cha kufungia vidonda. Mimi, ukuta na harufu ya spiriti.

Hata Mama Sudha, mke wa mwenye hospitali na ndiye anayetusimamia, alinipita. Yeye ni Mhindi aliyezaliwa hapa hapa mjini, nyuma ya duka la baba yake. Ekegusii anakimwaga mpaka wauza ndizi wanashika mbavu. Mimi ninayetoka kaunti ya jirani ndiye nilikuwa mgeni kuliko wote.

Sasa Jumanne moja akaletwa Mama Damaris.

Alikuja na shida ambayo sitaitaja hapa. Mtaona kwa nini.

Nilimpima, nikamhudumia, na nilipotaka kutoa mkono wangu akaushika.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa mzee Anyiko, mama. Kwetu ni mbali kidogo."

"Hapana mbali. Sasa wewe mtoto yangu. Omwana one."

Nilienda chooni nikalia. Sioni haya kusema. Tangu nihamie mji ule hakuna aliyekuwa ameniita mtoto wake.

Akawa anakuja kila Jumanne, akifika tu anaulizia Sister Sheryl. Ananifundisha salamu za Ekegusii.

"Mtu akikwambia bwakire, wewe unasema nini?"

"Mbuya mono."

"Sema na kifua. Wewe nasema kama mgonjwa."

Siku moja alileta ndizi mbivu kwenye kikapu. Nikamwambia kanuni zetu haziruhusu nesi kupokea kitu kwa mgonjwa. Alinuna, halafu akamenya moja akaila taratibu huku akinitazama, ili nijue nimekosa nini.

Tulicheka sana siku hiyo. Jumanne ikawa ndiyo wiki yangu, siku nyingine zote nilikuwa nazipitisha tu.

Halafu ikaja ile Jumanne mbaya.

Mama Damaris aliingia, akafunga mlango, akasogeza kiti karibu.

"Omwana one, iko kijana moja ya Nyamarambe. Jina yake Nyabuto. Nilimwona natoka hii chumba. Mama yake ni dada yangu. Iko na ugonjwa gani?"

"Mama, hilo siwezi kusema."

"Wewe hapana jua?"

"Najua. Lakini ni siri yake."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, mama."

Akakirudisha kiti nyuma. Mimi nimeshika bandeji mkononi, sijui niifunge au niiweke chini.

"Kule mbele watu nasema vizuri na mimi. Wewe naficha. Kumbe wewe mgeni tu."

Akachukua kikapu chake akatoka, bila kwaheri.

Ndugu zangu, neno mgeni nilikuwa nimelisikia mara nyingi, lakini kutoka kinywani mwake lilinichoma vibaya. Nilijua hasa kilichotokea. Nilikuwa na mtu mmoja tu katika mji mzima, na nimemfukuza kwa mdomo wangu.

Jumanne iliyofuata hakuja. Ile nyingine pia. Nilikuwa nikisikia ndara kwenye korido natoa kichwa nje, nakuta ni mtu mwingine.

Ndipo tangazo likabandikwa, kwamba wahudumu wote wahudhurie mafunzo ya kanuni. Kazini tunayaita kompliansi. Tunayajua, ni kusinzia, kusaini na kula sambusa.

Basi sasa mnaelewa nilivyoshtuka pale ukumbini.

Mama Damaris hakupoteza muda.

"Nyabuto, simama."

Kijana aliyekaa nyuma kabisa akasimama, akatupungia mkono. Ni yule yule.

"Huyu ni mwenzangu kazini. Hana ugonjwa wowote. Majibu yake yalitungwa, na mwenye hospitali alijua. Tulitumwa hapa kama wagonjwa tuone mnavyotunza siri za watu."

Akafungua daftari lake.

"Mahali pa kwanza, niliulizwa mimi ni mtoto wa nani. Nikatunga ukoo wangu. Tukapata undugu hapo hapo. Kabla sijakaa kwenye benchi nilikuwa nimeambiwa ugonjwa wa Nyabuto, na nikashauriwa nimwambie mama yake aweke maombi."

Cynthia akainamisha kichwa.

"Mahali pa pili, nikaambiwa majibu ya damu. Pa tatu, nikaonyeshwa hadi dawa zake."

Bitutu akaanza kufuta simu yake ambayo haikuwa na uchafu. Josiah akakunja mikono.

"Hawakuniambia kwa ubaya," Mama Damaris akasema, na sauti ikalegea kidogo. "Waliniambia kwa huruma. Mimi ni mama mzima, ni wa kwao, nitaachwaje gizani? Lakini Nyabuto angekuwa mgonjwa wa kweli, kijiji kizima kingekuwa kimemzika akiwa hai."

Akavua miwani.

"Mtu mmoja tu alikataa. Nilimwita mwanangu, nikamnunia, nikamtukana, akakataa. Sister Sheryl, simama tukuone."

Nilisimama. Mama Sudha akapiga makofi peke yake, halafu naye akaacha.

Nilipoketi, Josiah alinigeukia taratibu.

"Kwa hivyo ni wewe umetuchoma. Mlikuwa mnapanga na yeye kila Jumanne, na sisi tunaona tu mnacheka."

"Josiah, mimi sikujua chochote, naapa."

"Sawa, Sister."

Neno lile "Sister" lilikuwa baridi kuliko sakafu. Nilishinda mtihani ambao sikujua naufanya, na zawadi yangu ikawa kuchukiwa na wale niliokuwa natamani kuketi nao.

Mafunzo yalipoisha Mama Damaris alinifuata nje, kwenye bomba la kunawia mikono.

"Sheryl, nisamehe."

"Bwakire pia ilikuwa ya mtihani?"

"Hapana. Wala kukuita mwanangu. Hayo hayakuwa kwenye mpango."

"Na kuninunia?"

Akashusha macho. "Hiyo ilikuwa kwenye mpango."

Nilitaka kumkasirikia, lakini hasira ikakataa kuja. 

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Mama Damaris alikuja kwetu kama mgonjwa wa uongo, lakini mimi nilimpima kweli. Na nilipompima nilikuta kitu cha kweli. Nilimwambia siku ile ya kwanza, nikamwandikia aende hospitali kubwa.

"Ulienda?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Nilienda. Ni kama ulivyosema."

"Nyumbani wanajua?"

"Sijamwambia mtu. Wewe je?"

"Mimi pia sijamwambia mtu."

Akanishika mkono kama siku ile ya kwanza, akaenda zake.

Wale watatu walipewa onyo, pamoja na mafunzo mengine ya kurudia. Kazi hawakupoteza. Lakini kwangu ule mji ulizidi kufungwa. Nikiingia chumba cha chai stori inakatika, sasa hata ya Ekegusii. Wakanilenga, wakanipuuza kabisa kama sipo.

Nikaanza kujiuliza swali lililoninyima usingizi. Nilinyamaza kwa sababu mimi ni nesi mzuri, au kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwambia? Kutunza siri ukiwa huna hata wa kuchapa naye stori, je, hiyo ni sifa?

Jibu lilikuja kwa njia ya kiti.

Asubuhi moja nimechukua kikombe changu, naondoka zangu. Cynthia akaniita.

"Sheryl, unaenda wapi? Keti hapa na sisi."

Kiti kimevutwa. Chai imemiminwa, ya maziwa mengi, na mandazi yako juu ya sahani. Na walikuwa wanaongea Kiswahili... wote watatu, kwa ajili yangu.

Nilikaa. Moyo unanidunda kama wa msichana aliyeposwa.

Tuliongea mambo ya bei ya majani chai, ya mvua, ya mtoto wa Bitutu anayeng'oka meno. Nilicheka mahali pa kuchekea. Sijui niwaambieje utamu wake.

Halafu Josiah akasogea karibu.

"Huyo mama yako wa Jumanne. Alikuwa anaumwa kweli, ama ilikuwa uongo tu?"

Nikaweka kikombe chini.

"Wewe tuambie tu, hatusemi," Bitutu akasema. "Yeye alituanika mbele ya watu. Na sisi tumjue kidogo."

"Wewe ni mwenzetu sasa," Cynthia akamalizia.

Mwenzetu. Neno nililokuwa nikilingoja tangu nifike Kisii, sasa limewekwa mezani kando ya mandazi.

Nataka muelewe kwamba nilikaribia kusema. Sentensi ilikuwa mdomoni, fupi tu. Na huyo mama alikuwa amenidanganya, amenifanya nilie. Nani angenilaumu?

"Siwezi kusema," nikawaambia.

Hakuna aliyenitukana. Josiah alirudisha kiti chake nyuma, Bitutu akageukia dirisha, na Cynthia akaendelea na stori kwa Ekegusii kutoka mahali ilipokuwa imeachwa. Nikachukua kikombe changu nikarudi kwenye ukuta wangu.

Nililia, ndiyo. Lakini swali langu lilikuwa limejibiwa: safari hii wa kuwaambia walikuwepo, na bado nilinyamaza.

Zikapita wiki. Mchana mmoja, mvua ya Kisii ile ya kila siku inapiga mabati, mlango wa chumba cha kufungia vidonda ukabishwa.

"Ingia."

Akaingia mmoja wa wale watatu.

Akafunga mlango, akahakikisha umefungwa, akasimama tu pale akiangalia viatu vyake.

"Sister Sheryl, kuna kitu nimekaa nacho muda mrefu."

"Keti."

"Siwezi kupimwa hapa na mwingine. Wote wanamjua mama yangu pale Birongo. Nikienda Nyamira nitakutana na shemeji. Kila mahali ni watu wetu." Machozi yakaanza. "Lakini wewe... wewe husemi."

Nikavaa glavu.

Nilidhani mpweke katika hospitali ile ni mimi. Kumbe kwenye meza ile ya kucheka na kugongana mabega alikuwepo mtu mwenye ukoo mzima mjini, na katika ukoo wote huo hakuwa na hata mmoja wa kumwambia anaumwa.

Kesho yake saa ya chai tulipishana kwenye korido. Hakunitazama, na mimi sikumtazama. Ndivyo inavyotakiwa. Bado nakunywa chai yangu peke yangu, ila siku hizi ukuta hauniumizi kama zamani, kwa sababu najua kuna anayenihitaji upande wa pili.

Mama Damaris naye huja Jumanne, mgonjwa wa kweli sasa. Bado anamenya ndizi yake mbele yangu.

Somo langu, hasa kwenu mlio kazi hii: anayekupa siri yake amekukabidhi mlango wa nyumba yake. Usiufungulie mtu kwa sababu amekuvutia kiti. Mnaweza kukosa watu wa kukaa nanyi kwa muda, na inauma, siwadanganyi. Lakini siku mtu atakapoogopa kuliko siku zote, atajua mlango wa kubisha.

Majina yote nimebadilisha, hata langu. Na najua mnavyojipanga kwenye komenti kuuliza: Mama Damaris ana ugonjwa gani? Ni nani kati ya wale watatu?

Nawapenda sana, na stori zenu huniondolea upweke jioni.

Lakini siwezi kusema.