Si Uzito wa Nereah

Kila Jumanne na Ijumaa, Nereah na mumewe Okeyo hupeleka omena, dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo hadi Kawangware, jijini Nairobi, kwa gari lao kuukuu. Okeyo huendesha. Nereah huketi mbele, kushoto, na gumzo huwa njia nzima. Hiyo ndiyo starehe yao.

Basi gari likaanza kuvuta kushoto. Okeyo akilegeza usukani kidogo tu, gari linaelekea mtaroni.

"Ni wewe, Mama Trizah," Okeyo alimtania mkewe. "Umenona, upande wako umelala." Akajaza upepo mwingi tairi la kushoto, eti gari liinuke.

Siku ya kwanza Nereah alicheka. Siku ya tatu utani ulimchoma. Ijumaa akahamia nyuma, katikati ya magunia, akanyamaza. Jamani, Okeyo alibaki mpweke!

Karibu na kituo cha Kongo, pale Kawangware, gari likavuta ghafla. Tairi likatumbukia mtaroni. Hakuna aliyeumia.

"Si nimekaa nyuma?" Nereah akauliza. "Mbona bado linavuta?"

Okeyo akashuka, akaita vijana wa pale. Wakalitoa gari mtaroni, wakalisukuma hadi kwa Mutunga, fundi wa magari.

"Mmepima pande zote mbili?" Mutunga akauliza.

"Kupima nini?"

"Ngoja. Shusheni magunia. Gari likae mahali tambarare, usukani unyooke." Akasawazisha upepo wa matairi, kisha akampa Nereah tepu. "Mama, pima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake."

Kulia, sentimita thelathini na nane. Kushoto, thelathini na tano.

"Na gari ni tupu!" Nereah akasema kwa sauti.

Mutunga akaliinua kwa jeki, akaweka stendi chini yake lisianguke, akachungulia. "Springi ya kushoto, inayobeba upande huu, imevunjika. Mama hana kosa. Gari likilala upande mmoja, au tairi likilika upande mmoja, msibahatishe. Pimeni. Upepo mwingi unaharibu tairi tu. Na springi hubadilishwa zote mbili, ndiyo pande zilingane. Kisha mpeleke magurudumu yakanyooshwe kwa mashine."

Wakafanya hivyo. Jumanne, Nereah akapima tena mwenyewe. Kushoto na kulia, sawasawa.

Okeyo akapangusa kiti cha mbele, akamfungulia mlango. "Nisamehe, Mama Trizah. Nimekumiss hapa."

"Na nikinona zaidi?"

"Nona tu, mpenzi. Tumeshapima."

Nereah akafunga mkanda. Gari likanyooka barabarani, na kabla hawajatoka Kisumu Ndogo alikuwa ameshaanza: "Sasa sikia ya jirani yetu Aoko..."