Aliyemsikia Levina

Mchuzi ulikuwa umezidi chumvi, na Levina alilisema hilo kwa sauti, peke yake jikoni, kama alivyozoea tangu msiba. Alipoingia chumba cha marehemu mumewe kufuata ufagio, akakuta kioo cha kompyuta kimeandika: *Theodori amemsikia Levina. Sauti hafifu. Anasema chumvi imezidi.*

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama juu ya bati.

Theodori alikuwa mwanaredio wa ridhaa. Kompyuta ile iliwaunganisha wenzake wa nchi nyingi: mmoja akimnasa mwingine hewani, huandika amemsikia nani na kwa nguvu gani, ili wengine nao wamtafute. Levina hakuwahi kushika maiki. Aliiacha iwake kwa sababu Hilary wa Morogoro, rafiki wa mumewe, alimwomba.

Akampigia.

"Shemeji, huo ni utani wa mtu," Hilary alicheka. "Mfumo wenyewe wa enzi za babu. Ukitaja jina umepita, hakuna anayekuuliza wewe nani. Ndiyo maana Ijumaa tunahamia itifaki mpya. Kila mtu na ufunguo wake wa siri, asiye nao anabaki nje."

"Huyo wa utani amejuaje chumvi?"

Hilary akaaga haraka.

Kesho yake kompyuta iliandika habari za mgongo wake unaouma. Siku iliyofuata, sketi ya binti yake Teddy iliyobana. Sauti ikawa *ya wastani*, kisha *nzuri*, kisha *ya nguvu*, kama ya mtu unayezidi kumkaribia, na harufu ya matope ya mto Lumemo, uliomchukua mumewe, ikaanza kutoka chini ya mlango wakati nje vumbi tupu, na kiti cha marehemu kikawa kinalia taratibu kila Levina alipofungua kinywa, na Levina, ambaye tangu matanga yaishe hakuna aliyemuuliza ameamkaje, akajikuta anaongea zaidi, akiwa ameugeuzia uso mlango ule.

Mwanaheri, mwenye duka la jirani, alimletea mafuta ya kupikia akaishia kizingitini.

"Mama Teddy," alinong'ona, "una mgeni?"

"Sina."

"Basi nani anahema humo ndani? Dada, huyo si mumeo. Jini akikuita, usiitike."

"Haniiti. Ananisikiliza tu."

"Yarabi! Huyo ndiye mbaya zaidi. Na mtoto anarudi lini kutoka bweni?"

"Jumamosi."

"Basi mfukuze huyo kabla."

Ijumaa Hilary akapiga. "Shemeji, msimamizi wa mashine ni wewe. Jina la Theodori ulipe ufunguo, libaki kumbukumbu, au ulifute?"

Levina alimfikiria Teddy. Akalifuta kwa mkono wake. Pazia likavutwa nje ya dirisha kama limefyonzwa, harufu ikakatika. Nyumba ikawa nyumba.

Teddy alirudi na begi lake na simu ya kuazima. Levina alimwambia mgongo unauma. "Eeh," alijibu Teddy, akiichekea simu. Akamwambia tena mezani. "Mama, ngoja kidogo." Jumatatu hakumwambia.

Aliosha vyombo, akajifuta mikono, akaingia chumbani. Aliandika *Theodori*, akabonyeza *toa ufunguo*.

"Mgongo unaniuma," alisema polepole.

Halafu matope yakanuka, kiti kikalia, kioo kikaandika: *Theodori amemsikia Teddy. Sauti ya nguvu kabisa. Anaimba.*

Uani, Teddy alikuwa anaimba huku akianika nguo.

Levina alibonyeza *futa*. Kioo kikamjibu kwamba kwenye mfumo mpya ufunguo uliokwisha kutolewa huzimwa na aliyepewa tu. Akang'oa waya ukutani. Kioo hakikuzima.

"Teddy!" alipiga kelele dirishani. "Nyamaza, mwanangu! Usiseme hata neno!"

"Mbona, mama? Nimefanya nini?"

Nyuma ya Levina kiti kililia, kama mtu anayeinuka.

*Mbona, mama*, kioo kiliandika. *Nimefanya nini.*